Mtandao Unaoishia Jikoni

Kwa miaka mingi Umoja wa Falme za Kiarabu umekaa kileleni, au karibu kabisa na kilele, katika orodha za dunia za nchi ambazo nyumba nyingi zimefikiwa na faiba. Uzi mwembamba wa kioo unapenya ukuta wa nyumba ukiwa na uwezo wa kubeba mamia ya megabiti kwa sekunde. Na bado, katika nyumba kubwa za pembezoni mwa Dubai, hatua chache kutoka pale uzi huo unapoishia, mpishi anatuma ujumbe wa sauti unaozunguka tu bila kwenda, mlinzi wa getini anakula bando lake mwenyewe, na dada wa kazi anakatikiwa na simu ya mwanawe kila anapofunga mlango wa chumba chake.

Kampuni ya simu ikiitwa, fundi hupima kasi karibu na kifaa chake, huonyesha namba nzuri, kisha huondoka. Namba hiyo ni ya kweli. Kazi yake inaishia pale faiba inapoishia. Kuanzia hapo ni kazi ya mwenye nyumba, ambaye mara nyingi hajui kwamba ana kazi. Ninachodai ni hiki: nyumba ya namna hii haikosi nguvu ya mawimbi, inakosa waya. Na imekosa waya kwa sababu aliyepanga mtandao alihesabu sebule na vyumba vya kulala vya familia, akaacha kuhesabu vyumba wanamoishi watu wengine wa nyumba hiyohiyo.

Anayeijua Dubai kwa picha huona maghorofa ya vioo, lakini emirati hiyo ina mashamba pia. Kuna Al Khawaneej na Al Awir, zenye mitende na nyumba pana nyuma ya kuta ndefu. Kuna Lahbab, kwenye michanga myekundu ukielekea mashariki. Kuna Hatta, ndani ya milima ya Hajar, kilomita kama 130 kutoka mjini, jirani na mpaka wa Oman. Nyumba ya huko ni nyumba kadhaa ndani ya uzio mmoja. Lipo jengo kuu la ghorofa mbili. Ipo majlisi yenye mlango wake karibu na geti, ili wageni wanaume wasipite katikati ya familia. Lipo jiko la nje, maana wali na samaki wa watu arobaini hawapikiwi ndani. Upo mulhaq, jengo dogo la pembeni ambalo leo anakaa kijana aliyeoa na kesho ni stoo. Vipo vyumba vya wafanyakazi vilivyoegemezwa ukuta wa nyuma, na chumba cha mlinzi. Na kwenye izba, shamba la mifugo, yapo mazizi ya mbuzi na ngamia na kibanda cha mchungaji wao.

Kiswahili utakisikia katika karibu kila pembe ya uzio huo: kwa mlinzi kutoka Kenya, kwa msaidizi wa nyumbani kutoka Uganda, kwa dereva wa Tanga, na pengine kwa bibi mwenye nyumba mwenyewe, kwani zipo familia za Ghuba zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na hazijaiacha lugha hiyo hadi leo. Kwa hiyo suala hili la ruta na kuta ni letu kwa namna ambayo vitabu vya mafundi havitaji.

Tuanze na kuta. Umbali ndani ya uzio wa nyumba hautishi hata kidogo. Chukua ruta inayotoa miliwati 100 kwenye masafa ya gigahezi 2.4, kiwango ambacho nchi nyingi zimekifanya kikomo. Mahali peupe pasipo na kizuizi, simu iliyo mita 40 mbali hupokea kama hasi 52 kwa kipimo cha desibeli wanachotumia mafundi, na maongezi ya sauti yasiyokatika yanahitaji kama hasi 67. Kusingekuwa na kuta, ruta moja ingetosha kiwanja kizima na kubakiza. Lakini kipimo cha desibeli kinaficha ukubwa wa hasara. Desibeli 10 zikipotea, kinachobaki ni sehemu moja ya kumi. 20, sehemu moja ya mia. 30, sehemu moja ya elfu. Ukuta mwepesi wa jasi hula desibeli 3 au 4. Ukuta wa zege lenye nondo hula 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi, kwa kutegemea unene wake na masafa yanayotumika. Weka kuta mbili za desibeli 12 kati ya ruta na jiko, ile hasi 52 inakuwa hasi 76. Simu bado inaonyesha alama ya Wi-Fi, ila sauti inaanza kukatikakatika. Ongeza dari ya zege juu ya hapo, na alama yenyewe inaondoka.

Dirisha nalo lina kisa chake. Wengi hudhani dirisha ni mlango wa mawimbi, na kwa nyumba za zamani dhana hiyo ni sahihi. Lakini Dubai ina kanuni za majengo rafiki kwa mazingira, ambazo mwaka 2014 zilianza kuyabana majengo yote mapya, na zimeweka mipaka mikali ya joto linaloingia kupitia kuta, paa na vioo, kwa sababu kupoza nyumba ndiko kunakokula umeme. Wajenzi wakaitikia kwa matofali yenye povu katikati na madirisha ya vioo viwili vilivyopakwa utando wa chuma usioonekana kwa macho. Utando huo unarudisha joto nje, na unarudisha mawimbi ya redio vilevile. Hasara yake peke yake inaweza kufika desibeli 20 hadi 30. Hapo ndipo utaelewa kwa nini majlisi iliyo hatua kumi na tano kutoka jengo kuu, dirisha likitazamana na dirisha, haipati kitu. Mawimbi yanapaswa kupita tando mbili za chuma, moja wakati wa kutoka na nyingine wakati wa kuingia. Utando huohuo unazuia pia mtandao wa simu za mkononi kutoka mnarani, kwa hiyo aliye ndani anaitegemea Wi-Fi kuliko zamani, katika jengo linaloikataa kuliko zamani.

Nyumba za kale za mji huo hazikuwa hivyo. Ukitembea Al Fahidi, mtaa wa kale kando ya Khor, mkono wa bahari unaoingia mjini, utaona kuta za mawe ya matumbawe na paa zilizobebwa na boriti za mikoko, na boriti za namna hiyo zilifika Ghuba kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji. Mtu wa Mji Mkongwe akiingia humo anajiona kwao. Kuta zile ni nene, na zinasumbua mawimbi kwa unene huo. Lakini hazina nondo wala utando wa chuma, na la muhimu zaidi, vyumba vimeuzunguka ua ulio katikati na milango yote inafunguka huko. Kisambaza mawimbi kimoja kikiwekwa uani, kinaviona vyumba vingi kupitia milango. Nyumba ya leo ya Al Khawaneej imepinduliwa: jengo lipo katikati, uwanja upo nje pande zote nne, na vijumba vimetawanyika ukingoni mwake. Hakuna sehemu moja inayoviona vyote. Ramani ya nyumba imebadilika, na watu bado wanatafuta kifaa kimoja cha kuihudumia.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ya kila mwenye nyumba ni ruta yenye nguvu zaidi. Maduka ya vifaa vya kompyuta kwenye barabara ya Khalid Bin Al Waleed, Bur Dubai, yanauza zile zenye antena nane zilizosimama kama miguu ya kaa aliyepinduliwa, na boksi linaahidi nyumba nzima. Hesabu inakataa. Ukiongeza nguvu mara mbili, kutoka miliwati 100 hadi 200, umepata desibeli 3, ambazo zinaishia kwenye ukuta mmoja wa jasi. Zaidi ya hapo kuna mamlaka: vifaa vya redio nchini humo vinapaswa kuwa na idhini ya TDRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano, na nguvu kupita kiasi ni kosa. Lakini hata sheria ingeruhusu, jambo lenyewe lisingefaulu, kwa sababu mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta inapiga kelele, lakini simu mfukoni ina betri ndogo na antena ndogo. Simu ya jikoni itaisikia ruta na kuonyesha alama imejaa. Ruta haitaisikia simu. Hiyo ndiyo sababu ya ule ujumbe wa sauti unaozunguka bila kwenda huku alama za Wi-Fi zimekamilika, jambo ambalo limewafanya watu wengi walaumu simu zao na kununua nyingine bure.

Kuhusu masafa nitasema machache. Gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini njia zake zisizoingiliana ni tatu tu, namba 1, 6 na 11, na humo wamejazana kamera, vifaa vya mageti na oveni za maikrowevu. Gigahezi 5 ina njia nyingi na kasi kubwa, ila kila ukuta unaila zaidi. Gigahezi 6, inayotumiwa na vifaa vya Wi-Fi 6E na Wi-Fi 7, ni pana zaidi na dhaifu zaidi mbele ya zege. Dubai yenyewe ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio, WRC-23, kuanzia tarehe 20 Novemba hadi 15 Desemba 2023, na moja ya mabishano makali humo lilikuwa kuhusu sehemu ya juu ya masafa hayo, megahezi 6425 hadi 7125: yawe ya kampuni za simu au ya Wi-Fi? Kwa kanda yetu, inayojumuisha Afrika na nchi za Kiarabu pamoja na Ulaya, yalitengewa simu za mkononi, huku maandishi yakitambua kwamba Wi-Fi nayo hutumia sehemu hiyo. Ni uamuzi mzito kwa miji yenye maghorofa yaliyobanana, ambako majirani hugombania hewa. Nyumba ya Lahbab haina jirani wa kugombana naye. Ugomvi wake ni na kuta zake.

Baada ya ruta kubwa kushindwa, hununuliwa ripita. Kifaa hiki huchomekwa kwenye soketi katikati ya njia, hupokea mawimbi yaliyochoka na kuyarusha mbele. Zile za bei nafuu hutumia redio ileile kupokea na kurusha, kwa hiyo kasi hugawanyika nusu kabla hata ya kuhesabu udhaifu wa kilichopokelewa. Ukiweka ripita ya pili nyuma ya ya kwanza, umegawanya tena. Ninaikataa kabisa kwa nyumba za aina hii. Inatuliza malalamiko kwa wiki moja.

Mfumo wa meshi, uliofika kwa nguvu katika soko la majumbani mwaka 2016, ni bora zaidi. Vituo viwili au vitatu vinaongea kwa akili, vinatumia jina moja, na baadhi vina redio ya pekee ya kuongeleshana vyenyewe. Ndani ya jengo kuu, kituo kimoja chini na kingine juu karibu na ngazi, ambapo mawimbi yanapanda kupitia uwazi wa ngazi badala ya kupita kwenye zege, kazi inafanyika vizuri. Tatizo linaanza pale mwenye nyumba anapopeleka kituo cha tatu jikoni au kwenye vyumba vya nyuma. Kituo hicho kinategemea mawimbi yaleyale yaliyoshindwa kufika huko, kupitia kuta zilezile. Kitawaka taa, simu itaonyesha alama kamili kwa sababu iko karibu nacho, na mtandao utakuwa umekufa nyuma yake. Huu ndio udanganyifu mkubwa wa meshi isiyo na waya: inahamisha tatizo kutoka mahali linapoonekana hadi mahali lisipoonekana.

Wapo wanaojaribu kutumia nyaya zilizokwisha kuwepo. Vifaa vya kupitisha data kwenye nyaya za umeme vinafaa nyumba ndogo, lakini majumba ya Dubai huingiziwa umeme wa fezi tatu, na majengo ya pembeni mara nyingi yana kabati lake la umeme na vikata-umeme vyake. Ikiwa chumba cha ruta kiko fezi moja na jiko liko nyingine, data inafika kwa kubahatisha. Nyaya za dishi la televisheni zinazoshuka kutoka paani hadi vyumbani zinavutia zaidi, ila waya unaobeba setilaiti hutumia masafa yanayogongana na yale ya vifaa vya kupitishia intaneti, kwa hiyo mtu achague kimoja: dishi au mtandao. Kwa nyumba ambayo dishi limeachwa kutumika, ni njia nzuri na haina uchimbaji.

Jibu lenyewe ni la kizamani. Peleka waya wa mtandao, ule wa Cat6, hadi kila jengo ambamo mtu analala, anapika au anapokea wageni, na mwisho wa kila waya weka kisambaza mawimbi kidogo, kile ambacho mafundi hukiita AP. Tangu mwaka 2003 kuna viwango vinavyoruhusu waya huohuo kubeba umeme wa kukiwasha, wati 15 hivi kwa kiwango cha kwanza, kwa hiyo hakuna haja ya soketi darini. Kisha fanya jambo linalowashangaza wengi: punguza nguvu ya kila kisambazaji. Simu ndiyo inayoamua ijishike wapi, na simu ni king'ang'anizi. Ikiisikia ruta ya sebuleni kwa mbali haitaiachia hata kama kuna kifaa kipya juu ya kichwa chako. Visambazaji sita vinavyonong'ona, kila kimoja katika eneo lake, vinawahudumia watu vizuri kuliko viwili vinavyopiga kelele.

Mwenye nyumba atasema kuta zimekwisha kupakwa rangi na hawezi kuchimba. Mara nyingi hahitaji. Nyumba mpya hujengwa zikiwa na paipu za mawasiliano ndani ya kuta, kwa kuwa michoro yake huangaliwa na kampuni za simu kabla ya ujenzi. Kengele ya getini yenye kamera ina paipu inayotoka ndani hadi kwenye nguzo ya geti, na paipu hiyo inapita hatua chache kutoka kwa mlinzi. Na kuna jambo moja ambalo kila ninapolifikiria linanigusa. Nyumba nyingi za hadhi hii zina kamera za ulinzi kila kona ya uzio, na kamera hizo za kisasa zimeunganishwa kwa waya uleule wa Cat6, unaobeba data na umeme. Kamera ya ukuta wa nyuma mara nyingi imefungwa juu ya mlango wa wafanyakazi. Waya umefika pale. Ulifika kwa ajili ya kuwatazama, na haukuongezwa swichi ndogo na kisambazaji kimoja kwa ajili ya kuwahudumia. Kazi ya kuongeza vitu hivyo ni ya asubuhi moja, mradi fundi atenganishe mtandao wa kamera na ule wa watu kwenye swichi kuu, ili simu yenye virusi isifikie picha za ulinzi. Kutenganisha huko ni kwa usalama wa mwenye nyumba na wafanyakazi wake, wala kusiwe kisingizio cha kuwapa wafanyakazi mtandao wa kasi ya konokono.

Kikomo cha waya wa shaba ni mita 100. Kwa jengo kuu na majlisi inatosha. Kwa izba, ambako mazizi na kibanda cha mchungaji viko mbali, inabidi kutumia faiba, na leo kebo ya faiba iliyofungwa ncha kiwandani si kitu cha ajabu tena. Faiba ina faida nyingine: haipitishi umeme, kwa hiyo majengo mawili yenye ardhi tofauti za umeme hayaunguziani vifaa, na radi ikipiga upande mmoja haisafiri hadi upande wa pili. Ipitishwe ndani ya paipu, na viungio vyake viinuliwe kutoka ardhini. Mvua ya tarehe 16 Aprili 2024, kubwa kuliko zote zilizorekodiwa nchini humo katika miaka 75, iliwafundisha wengi kwamba shimo la nyaya jangwani linaweza kujaa maji.

Njia mbadala ni antena mbili zinazotazamana, moja paani na nyingine kwenye izba. Zinafanya kazi vizuri ajabu pakiwa peupe, na kwa kilomita moja au mbili hazina shida. Adui yake shambani ni mtende. Majani yamejaa maji, na maji hula mawimbi ya gigahezi 5. Tena mtende unakua. Antena iliyofungwa wakati mti uko chini ya dirisha itapitwa na kilele chake baada ya miaka kadhaa, na mtandao utadhoofika polepole hivi kwamba hakuna atakayekumbuka kulaumu mti. Hatta, ambako bonde limejaa mitende na pembeni ni mwamba mtupu, kuna sababu ya kufunga mlingoti mrefu tangu mwanzo.

Kisha kuna joto. Kiangazi, kivulini, hewa hupita nyuzi 45, na ndani ya kabati la chuma lililofungwa ukutani upande wa magharibi hali ni mbaya kuliko hapo. Ruta nyingi za ndani zimetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 40. Mtandao unaokatika kila siku kuanzia saa saba mchana na kurudi baada ya magharibi mara nyingi hauna ugonjwa wowote zaidi ya kabati hilo. Vifaa vyote vinavyoweza kukaa ndani vikae ndani, katika chumba chenye kiyoyozi. Vya nje viwe vya daraja la nje. Vumbi nalo lipanguswe, maana feni iliyoziba ni sawa na hakuna feni.

Shamba ambalo faiba haijafika hutegemea ruta ya laini ya 5G kutoka kwa moja ya kampuni mbili za nchi hiyo, e&, ambayo zamani iliitwa Etisalat, au du. Hapa kile kioo chenye utando kinarudi kuwa tatizo: ruta ikiwekwa sebuleni inapoteza mawimbi ya mnara kabla ya kuanza kazi. Antena ifungwe nje, ielekezwe mnarani, na waya tu ndio uingie ndani. Kuanzia hapo mpango wa kugawa mtandao ni uleule.

Kabla ya kulaumu kuta, mtu ajue pia kisichohusiana nazo. Simu za sauti na video za WhatsApp kwa ujumla hazipatikani nchini humo, kwani huduma za kupiga simu kwa intaneti zinahitaji leseni. Zinazoruhusiwa ni kama BOTIM, na tangu wakati wa korona programu kadhaa za mikutano. Ujumbe wa maandishi na wa sauti wa WhatsApp unapita bila tabu. Mgeni aliyefika juzi kutoka Nakuru anapopiga WhatsApp na simu haiiti, anasema Wi-Fi mbovu, na fundi anaweza kubadilisha vifaa hadi kesho. Wapo watakaomshauri atumie VPN. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inaadhibu kuficha anwani ya intaneti kwa nia ya kutenda kosa, na faini yake huanzia dirhamu 500,000. Hakuna simu ya nyumbani inayostahili hatari hiyo, ilhali njia halali ipo.

Nirudi kwenye chumba cha nyuma, kwa sababu hapo ndipo mambo yote haya yanapopimwa. Sheria ya wafanyakazi wa majumbani ya mwaka 2022 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau saa 12 za mapumziko kwa siku, 8 kati ya hizo mfululizo. Kwa msaidizi wa nyumbani anayemaliza vyombo saa nne usiku, mapumziko yanaanzia chumbani mwake, na Mombasa ni saa tatu: mtoto bado yuko macho, kwa shida. Dirisha la kuongea naye ni kama nusu saa. Ruta ikiwa imepangwa kujizima saa nne kwa ajili ya watoto wa nyumba, au ikiwa haifiki nyuma, nusu saa hiyo inapita. Kwa bando la simu angeweza kuongea, lakini bando linatoka kwenye mshahara ambao umekwisha kugawanywa ada ya shule na dawa za mama kabla haujaingia.

Baadhi ya waajiri wana hofu, na nisiipuuze. Wanaogopa picha za ndani ya nyumba kusambaa, na wanaogopa mfanyakazi asiyelala. Kwa la kwanza, sheria ileile ya 2021 inakataza kumpiga mtu picha au kuzisambaza bila ridhaa yake, na picha husafiri kwa bando sawasawa na kwa Wi-Fi. Kuzima mtandao hakulindi chochote. Kwa la pili, mtu aliyeongea na mwanawe analala. Aliyekatikiwa mara nne akijaribu ndiye anayekesha.

Wengi wa wafanyakazi hawa wanajenga kwao. Nyumba zinainuka Kibaha, Kilifi, Masaka, kwa fedha zinazotoka kwenye vyumba hivyo vya nyuma, na nyingi ni kubwa. Hapo nafasi ni nzuri kuliko ile ya tajiri wa Al Khawaneej, kwa sababu plasta bado. Paipu za kupitishia nyaya za mtandao ziwekwe pamoja na za umeme, zikiwa mbali nazo kiasi, kutoka sehemu moja ya katikati hadi kila chumba, hadi jikoni, hadi nyumba ya uani na hadi getini, hata kama pesa ya waya haipo mwaka huu. Ukanda wa Ziwa Victoria, wenye radi nyingi, majengo mawili yaunganishwe kwa faiba tu. Kenya, ambako Starlink ilifika Julai 2023, dishi la paani limewapa intaneti watu wasiowahi kuiota faiba; lakini ruta inayokuja nalo huwekwa sebuleni, na bibi anayekaa nyumba ndogo ya uani anabaki kama alivyokuwa.

Kwa anayemwajiri fundi sasa, Dubai au Kibaha, mpango uanzie kwenye chumba cha mwisho na kurudi nyuma hadi kwenye ruta. Makubaliano yaandikwe hivi: malipo ya mwisho hutolewa baada ya simu ya dakika kumi kupigwa kutoka chumba hicho, usiku, mlango umefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi na nyumba nzima iko mtandaoni. Kipimo kisomwe papo hapo, kwenye simu ya anayelala humo kwa kwenda na kwenye kisambazaji kwa kurudi, na kama kimojawapo kiko chini ya hasi 67 fundi arudi kesho na ngazi yake.